Jina la Mwisho Kwenye Mkanda

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Uso kwa uso nisingeweza kukuambia haya, unanijua nilivyo. Kwa hiyo naandika.

Lile boksi la kompyuta ulilolitunza juu ya kabati, nililichoma mimi. Siku ya msiba wako mvua ilinyesha tangu asubuhi, kuni zilikuwa mbichi, na mama mdogo akaniambia nitafute kitu cha kuwashia moto kwa sababu wageni kutoka kijiji cha Hanga walikuwa wamefika na hawajala. Nililichana vipande. Sikujua kwamba ndani ya mfuniko wake uliandika namba ya kufungulia programu inayonakili kumbukumbu za parokia kwenye mikanda ya kompyuta.

Unakumbuka Ijumaa zetu? Nikitoka shule nilipitia ofisi ya parokia kukusubiri. Ulitia mkanda, mashine ikakoroma, kisha ikaandika kwamba imemaliza. Wewe hukuinuka. Ulirudisha mkanda mwanzo na kuniambia, "Nisomee jina la mwisho." Mkanda ukijaa kabla ya wakati, ulisema, kinachopotea ni mwisho. Nilisoma kwa kunong'ona, nawe ukaniambia:

"Sauti, mama. Mkanda umesikia, mimi bado."

Nilipomaliza kidato cha nne, Padre aliniita nikae kwenye kiti chako. Wiki ile ile programu ikadai namba, na bila namba haikuandika wala kusoma. Padre akapiga simu Dar kwa aliyetuuzia. Duka lake sasa linauza vitenge. Mikanda yako yote ikabaki kabatini bila kufunguka, na kompyuta yenyewe ilishaanza kukwama mara mbili kwa siku. Vitabu vya ubatizo vilivyoliwa na mchwa havina nakala nyingine, Baba. Mtu akija kutoka Namtumbo kutafuta cheti, jina lake limo kwenye kompyuta hiyo na mikanda tu.

Padre akamwita kaka Abdu, fundi wa kompyuta wa karibu na soko. Alileta programu mbili za bure.

"Siku hizi hata maji yanauzwa kwenye chupa," Padre alisema. "Hawa kwa nini watoe bure?"

"Mbona na wewe Padre unabatiza bure?" Abdu akamjibu.

Padre alicheka, akavuta kiti.

Programu ya kwanza ilikuwa nzuri, ina picha na rangi. Ilinakili, ikaandika kwa kijani kwamba kazi imekamilika. Wote wawili wakasimama. Mimi nilibaki nimekaa.

"Naomba tusome jina la mwisho."

"Dada, si imeshasema imekamilika?"

Nilijibu kwa sauti ndogo. "Baba alikuwa anasoma kwanza."

Abdu akarudisha mkanda huku anatabasamu. Majina yaliishia katikati ya kitabu cha tatu. Programu ilikuwa nzito mno kwa kompyuta yetu, ikaishiwa nafasi na isiseme. Abdu aliacha kutabasamu.

Ya pili haikuwa na picha hata moja. Kioo cheusi, unaandika amri na kusubiri. Ilifika mwisho. Hapo nikaomba jambo jingine: mkanda usomwe dukani kwake, kwenye mashine isiyo yetu, ili siku moja mtu mwingine asikwame kama nilivyotukwamisha mimi.

"Unanitesa, dada," alisema, lakini aliufunga mkanda kwenye mfuko wa nailoni tukatembea naye hadi sokoni, na Padre nyuma yetu.

Ulifunguka. Haukudai namba yoyote. Nikasema tuchague programu hii, na hakuna aliyebisha.

"Haya, soma basi hilo jina lako la mwisho," Abdu alisema.

Nilijua ni lipi. Nililichapa mwenyewe kwenye kompyuta Jumatatu ya wiki ile, kwenye kitabu cha marehemu, na tangu tukuzike sikuwahi kulitamka. Nililisoma.

"Sijasikia," alisema Abdu.

Padre alimshika bega anyamaze, lakini nilishavuta pumzi. Nililisoma tena, majina yako yote matatu, hadi mteja aliyekuwa mlangoni akageuka.

Mikanda yako ya zamani sijaitupa. Naifuta vumbi nikisubiri atakayejua kuifungua. Nisamehe boksi, Baba. Pumzika, Ijumaa nasoma mimi.

Binti yako,
mwenye sauti ndogo