Matango Yangu ya Kijani Mno

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ukicheka, cheka polepole, maana mimi mwenyewe nimechoka kujicheka. Mimi ni mke wa karani hapa Manika, na kwenye darasa la upishi Madamu Mbelgiji alitufundisha achari ya matango, akasema siki ichemshwe kwenye sufuria ya enameli, sasa yangu imebanduka rangi, nikaona aibu kuazima, nikachukua ile ya shaba aliyoifua baba mkwe kwa nyundo yake akatuzawadia siku ya ndoa, na hapo ndipo kichwa kilipovimba, kwa sababu matango ya wenzangu yalififia lakini yangu yakatoka kijani kama yamechumwa leo, hata jirani yangu Laurentine, ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote, akauliza siri, nikamjibu eti ni mkono tu. Ladha ilikuwa kama kulamba ufunguo, nikaongeza sukari. Mume wangu Kazadi akala, nikala, tukatapika wote, nikasingizia samaki. Sasa mama mkwe amechukua chupa zote, mwisho wa mwezi anapanda nazo treni kwenda Tenke kwenye harusi ya binti yake Mianda, anasema, "Bantu ba Tenke batajua ya kwamba mutoto wangu alioa bibi wa kweli!" Nikisema ukweli, nimeitukana sufuria ya baba mkwe mbele ya ukoo mzima. Mji wote huu unaishi kwa shaba, ningejuaje kwamba haipatani na siki?

Mama wa Sufuria, Manika

Mama wa Sufuria,

Nimecheka, tena kwa sauti. Nilipofika kwenye samaki nikaacha. Umetapika mwenyewe, halafu unaniuliza habari ya aibu? Siki ikichemka kwenye shaba tupu inaila, na rangi uliyoringia ndiyo sumu yenyewe. Sukari imeificha tu.

Funga kitenge uende kwa mama mkwe leo. Mwambie, "Mama, nilikosea mi, nyungu ya baba haina kosa." Ni kweli, baba mkwe alikupa chombo cha kupikia bukari, ugali wetu wa kila siku, si siki. Mwaga yote shimoni, kuku wasionje.

Kisha azima sufuria ya enameli nzima. Chemsha chupa, tumia siki bila kuipunguza kwa maji. Ikiwa kali mno, hapo sasa weka sukari, kitunguu saumu na pilipili. Matango yatafifia, yaache.

Mama mkwe atakasirika, vumilia. Wala usijidanganye kwamba wageni wataonja kidogo tu. Harusini anayepakuliwa kwanza ni Mianda.