Pai ya Bi Doris

Lewisham, Jumapili, Julai 2002

Uso bado unaniwaka. Kwa nini sikusema asante tu nikanyamaza?

Jana jirani yangu, Bi Doris, alituletea pai ya matunda ya bluberi. Mama yake alikuwa akiipika kila kiangazi. Lakini ilikuwa chachu mpaka watoto wakakunja nyuso. Nikadhani ndivyo Waingereza wanavyoipenda, nikaitupa yote.

Leo nimemrudishia bakuli lake. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo nililijaza mahamri. Akaniuliza tuliionaje pai.

"Tamu sana!" nikasema. "Watoto wamelamba mpaka bakuli."

Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mimi nilisahau kutia sukari. Nimeikuta asubuhi, bado iko kwenye kikombe nilichopimia."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu mzima, nimetoka kanisani sasa hivi, nashikwa na uongo mlangoni pa watu.

Hata hakunisuta. Alichukua hamri moja, akaliuma, akatafuna polepole mno.

"Tamu sana," akasema.

Sasa nitamwaminije?