Damu Yangu Si Jibu Lako

Palma, Jumanne

Kwa mdogo wangu Zainabo, huko Mtwara,

Asalaam aleikum. Hujambo weye, shemeji hajambo, watoto hawajambo? Sie huku wazima, tunakula, tunacheka. Ila mie nikipika mihogo ya nazi bado natia ya watu wawili. Mkono haujasikia kwamba weye umevuka Rovuma mwaka wa tano sasa.

Ossufo wa jirani kapata kazi Afungi, kwenye kambi ya gesi, anaosha sahani. Siku hizi anamsalimia hata mamake kwa Kireno, bom dia! Mamake kamjibu, nikuzae mwenyewe halafu unisalimie kama karani? Tumecheka mpaka kanga zikatudondoka.

Sasa sikiliza. Barua hii nampa Chamsudine anayevuka kuja huko, mkononi, maana simu shemeji huiweka spika, nyumba nzima ikasikia.

Unakumbuka madaktari waliomtoa Mama damu kabla hajatutoka, wakanitoa na mie? Mama wakamkuta na kasoro ya kuzaliwa nayo, yangu ikarudi safi. Nikapiga vigelegele kwenye simu. Nawe ukasema basi hupimi, ya dada safi na yako safi, na hicho kidonge kigumu kwenye ziwa lako ni maziwa ya mtoto tu.

Juzi daktari wa Mama, dotora Lénia, kaniuliza kama umepima. Nikamweleza ulivyosema, akatikisa kichwa. Nesi Rachida akanifasiria: mwili unajisuka kila siku kama ukili wa mkeka, ukikosea kuna fundi ndani anafumua na kurekebisha. Mama kazaliwa na fundi mbovu, makosa yakazidi, ziwa likaota kansa. Na kila mtoto anachukua lake, mmoja anarithi, mwenzake harithi. Nikauliza, mbona wengine wana kasoro hiyohiyo na wanazeeka wakicheza ngoma? Akasema hajui. Maputo hawajui, Ulaya nako bado wanatafuta. Nilimpenda siku ile, mtu kasoma miaka yote na anasema sijui. Ila kansa ikionekana mapema, akasema, wengi wanapona.

Nilipokupigia ukakataa. Ukasema sie damu moja, tumefanana mpaka vidole vya miguu.

Hatufanani, Zainabo. Tunacheka sawa tu.

Wiki ile ya mwisho hospitali Mama aliniambia. Aliyenizaa ni jirani yake wa Quiterajo, alifariki siku ileile aliyonizaa. Mama kafiwa na kichanga chake, maziwa yamemjaa, akanichukua. Mie ndugu yako wa ziwa, si wa tumbo. Ziwa lilelile lililomuua. Siku wananitoa damu nilikuwa najua. Dotora akauliza kama mie mwanawe wa kumzaa, nikasema ndiyo, upesi upesi. Nilitaka iwe ndiyo. Nawe ulivyoniita damu moja nikanyamaza, nikaona raha, na kumbe weye umekaa na kidonge chako kwa ajili ya raha yangu.

Damu yangu haijui lolote juu yako. Nenda kapime, wiki hii hii. Siku ukienda nambie, nitavuka nije nikushike mkono, ukinitaka.

Alhamisi naenda kwa dotora anifute kwenye karatasi ya watoto wa Mama. Cédula yangu ya kuzaliwa iliungua na nyumba. Sijui kwengine wapi nimeandikwa kuwa mwanawe.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto mmoja mmoja. Chamsudine atakaa siku mbili huko, mpe jibu, hata neno moja.

Ni mimi,
Nazira