Maji Uliyomlazia Mama

Kaka Wandera,

Uliondoka ukitabasamu, ukaniachia funguo za nyumba yako ya Busia na mama yetu ndani yake. Sasa nisikilize.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo Lunyo. Kinamasi kilipojaa ulinibeba mgongoni hadi shuleni, nisilowe hata vidole. Nilikuamini tangu siku hizo. Ndiyo maana ulipochimba msingi wa nyumba hii na maji yakatoka, mafundi wakasimama ndani yake hadi vifundoni, nilicheka pamoja na wewe. Ulisema, "Mimina zege. Maji yataenda wapi?" Ukatuambia umetandika nailoni nzito chini ya sakafu, unyevu hautapanda. Nami nikawaringia majirani kwa nyumba ya kaka yangu.

Vyumba vya juu ukapangisha. Mama ukamtoa kwake Lumino, ukamweka chumba cha chini, kile kilichozama nusu ardhini. "Magoti yake hayawezi ngazi," ulisema. Wote tukakusifu.

Mvua za kwanza, kona ya ukuta ikatoa jasho. Nilikupigia. "Piga deki tu, Nabwire. Unapenda kukuza mambo." Nikapiga deki kila siku. Nikapaka rangi ya kuzuia maji, ikabanduka kama ngozi ya kidonda. Godoro likaota ukungu, mama akaanza kukohoa. Nilikupigia tena, ukasema uko kwenye mkutano.

Asubuhi moja mama alishuka kitandani akakanyaga maji. Aliteleza. Nilimkuta amelala ubavu, khanga inaelea, anajitahidi asilie ili wapangaji wasisikie. Nyonga ilikuwa imevunjika. Nilikuandikia tukiwa hospitali Tororo, ujumbe wako ukaingia: "Wapangaji wamelalamika?"

Wandera, niliusoma mara tatu nikitafuta neno mama. Halikuwemo.

Nilimwita fundi kutoka Merikit. Alichungulia, akatikisa kichwa. "Madam, hii maji haitoki kwa mvua peke yake. Inatoka chini. Saruji haiwezi kuifunga, tuipe njia." Alivunja sakafu pembeni mwa ukuta, akachimba mfereji, akalaza bomba lenye matundu, akalifunika kwa kokoto hadi maji yakapata pa kutokea nyuma ya nyumba, kule kwenye mteremko. Kazi ya siku chache, kaka. Siku chache tu!

Kisha akaniita nitazame alipokata zege. "Nailoni iko wapi?" akauliza. Palikuwa na udongo mtupu. Ulijua siku ile tunacheka. Ulijua ulipobeba kitanda cha mama ukakiweka pale.

Chumba sasa kimekauka. Mpangishe umtakaye, mama hatarudi. Yuko nami kwake Lumino, anatembea kwa fimbo, na kikohozi hakijamwacha.

Kila Jumapili baada ya kanisa huniuliza, "Wandera ameuliza juu yangu?" Nami hujibu, "Ameuliza, mama. Anakusalimu sana." Nimekutungia salamu nyingi, kaka. Nimekutungia hata machozi.

Jumapili iliyopita nilichoka. Nikamwambia, "Hapana, mama. Hajauliza hata mara moja."

Alikunja khanga yake magotini, akaikunjua. Kisha akasema, "Najua. Nilikuwa nangoja wewe uchoke."

Usitume salamu tena kupitia kwangu. Baki salama huko uliko.

Aliyekuwa mdogo wako,
Nabwire