Usihesabu Watoto wa Watu

4 Machi 2024

Kwa Nyanya mpendwa,

Umeamkaje huko Nkubu? Goti linakuachilia kidogo? Mimi ni mzima, ila jua la huku Mbeere ni jua la kweli. Simu inashika mtandao ukipanda juu ya tangi la maji tu, ndiyo maana naandika. Dereva wa gari la dawa atakuachia barua akipita Ijumaa, na yako ataileta Jumatatu.

Kazi ya kujitolea naipenda. Madaktari wageni wa kanisa wamekuja kusaidia hospitali, na mimi nimepewa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kila asubuhi napita na daktari kitanda kwa kitanda, nanyoosha kidole: moja, mbili, tatu, hadi tisa. Shida ni kwamba kina mama wanatoroka. Watatu wameondoka wiki iliyopita na watoto ambao bado wanalishwa kwa mrija. Tunawapa chakula, neti, sabuni. Sijui tunawakosea wapi. Ninayemhofia zaidi sasa ni Wawira. Msichana wake ana kilo moja na robo. Akimpeleka nyumbani sasa, hatafika Pasaka.

Niombee.
Mjukuu wako, Kajuju

9 Machi 2024

Kajuju wangu,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile, limeamua kuzeeka na mimi nimekataa. Lenah, mke wa jirani yetu Gitobu, ndiye anaandika, maana kalamu mimi sikufunzwa. Nimemwambia aandike vile nasema, asinilainishie maneno.

Umeuliza mnakosea wapi. Lenah alipofika pale pa kidole nilimwambia arudie kusoma. Akarudia. Nani alikufunza kuhesabu watoto wa watu? Na kidole juu? Hata mbuzi wangu siwahesabu hivyo, naangalia tu nani hayupo. Ukihesabu mtoto wa mtu, mama yake anaona umeanza kumpunguza. Uliza mwanamke yeyote wa zamani ana watoto wangapi, atakwambia "wako tu", halafu akuangalie kama mwizi. Hili ni kosa la baba yako Mwongera, kukulea mjini, mtaa wa Majimbo, kwenye nyumba za kupanga, mkihesabiana kama viti vya kanisa.

Usiniambie ni ushamba. Mimi nimebatizwa na kwaya naimba. Hii ni adabu tu. Daktari akitaka nambari, ziandike kimya kwenye kitabu chake. Kwa mdomo sema: mtoto wa Wawira yuko, amelala vizuri. Taja kila mama hivyo. Na uombe msamaha, wote wakusikie.

Nakupenda, lakini umekosa.
Nyanya yako

Ujumbe wa simu, 11 Machi, saa saba mchana

Nyanya, barua imefika sasa hivi. Wawira ameenda asubuhi, nilipomaliza tu kuhesabu. Mama mkwe wake, Mama Njiru, alimfunga mtoto na leso wakapitia mlango wa jikoni. Daktari anataka kutuma gari na chifu wamrudishe. Kwao ni mwendo wa saa moja. Nifanye nini? Niko juu ya tangi, nangoja. Kajuju

Ujumbe wa simu, 11 Machi, saa saba na nusu

Gari hapana. Chifu hapana. Nenda kwa miguu, sasa hivi. Toa hiyo nguo ya kazi. Beba sukari na majani ya chai. Uji utakaopewa maliza, hata ukiwa mchungu. Ya mtoto useme mwisho, na useme wewe ndiye ulikosa. Shuka kwa tangi. Nyanya

30 Machi 2024

Kajuju,

Wewe ni mzima? Nauliza kwa sababu Ijumaa ya kwanza gari lilikuja bila barua, na ya pili, na jana. Simu yako haishiki. Kesho ni Pasaka. Kama mtoto hayuko, niambie. Nimezika watu, sitavunjika. Lakini usininyamazie.

Nyanya yako

4 Aprili 2024

Kwa Nyanya,

Nisamehe. Mimi ni mzima, na mtoto yupo. Sikutaka kukuandikia kabla hajanyonya mwenyewe, niliogopa kujisifu mapema.

Nilienda vile ulisema. Mama Njiru alinipa uji wa mtama nikamaliza. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa kidole?" Nikasema ni mimi, nimekosa, nisamehe. Nikamweleza mtoto hajui kunyonya bado, na hapo nyumbani hakuna mrija. Akaenda kulisha kuku. Aliporudi alikuwa amevaa viatu. "Twende. Lakini mtoto atabebwa na mimi. Mikono yako bado sijaizoea."

Hajaondoka tangu siku hiyo. Anapokezana na Wawira kumbeba mtoto kifuani. Asubuhi yeye ndiye anasalimia kila mama kwa jina, nami nafuata nyuma na kitabu. Daktari amejifunza kungoja amalize. Msichana anavuta titi mwenyewe, na amefika kilo moja na robo tatu. Bado wiki moja hivi waende nyumbani.

Wale waliotoroka mwanzoni wamerudi, isipokuwa mmoja. Huyo tulimfuata, tukachelewa.

Mjukuu wako, Kajuju

6 Aprili 2024

Kajuju wangu,

Ungeandika mapema ningekula Pasaka vizuri. Basi, nimeshakugombeza, imeisha.

Huyo mliyemchelewa usimbebe peke yako. Sikiliza. Kati ya baba yako na shangazi yako Kananu kulikuwa na mwingine. Mvulana. Alizaliwa mdogo hivyo hivyo, hospitali ya misheni ya mbali, na nesi wa huko alikuwa na kidole kama chako. Nikamfunga mtoto, nikatoka asubuhi, nikatembea mpaka kwetu. Nilikaa nyuma ya nyumba siku mbili nikisikiliza njia. Nilikuwa nimeamua mtu akija, hata kama anakuja kunitukana, nitarudi naye. Hakuja mtu.

Lenah ameweka kalamu chini. Nimemwambia aichukue tumalize.

Maliza muda wako huko, usikimbilie nyumbani kwa ajili yangu. Haya maharagwe mpe Mama Njiru, umwambie yametoka kwa mwanamke mwenzake. Na siku ya kumrudisha msichana wa Wawira kwao, nenda nao mpaka mlangoni.

Nyanya yako