Benchi la Daraja la Tatu

Mayfair, Johannesburg
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Tabia,

Assalaam alaykum. Natumai magoti yako yamepoa na wanao hawajambo. Mimi mzima, na sina budi kuwa mzima, maana nikipata hata mafua, treni za kale za Afrika Kusini nzima zinabaki bandani. Waambie wanao kwamba mjomba wao ndiye mkuu wa mabehewa. Nusu ya mji huu wananijua kwa kikohozi tu.

Kwenye simu uliniuliza mambo mawili: kwa nini kila Jumamosi nafanya kazi ya kujitolea kwa wazee wa reli, na iko wapi suruali ya kaki uliyonishonea, mbona Idi sikuivaa. Nianze na la kwanza.

Karakana yetu iko upande wa Turffontein. Tuko kumi na wawili, wengi wastaafu wa reli, tunafufua mabehewa yaliyooza. Mwenyekiti, Bwana Viljoen, ameendesha treni miaka arobaini, na mengi nimemfundisha mimi. Yupo pia Emérite, mama wa Kirundi anayekaa Bertrams, seremala, mdomo wake mkali kuliko randa yake. Mwaka mzima tumelikwangua behewa moja la daraja la tatu, benchi za mbao tupu. Dada, ni aina ileile iliyomleta marehemu baba migodini. Unakumbuka alivyosema alilala chini ya benchi siku mbili, viatu vya watu usoni? Siku ya kwanza nilijilaza pale chini nikatazama mbao. Nilitafuta nini, sijui.

Basi mwezi uliopita Bwana Viljoen akaleta habari kwamba watalii hawakalii mbao. Benchi zing'olewe, viwekwe viti vya mahameli na kaunta ya mvinyo. Nikamwambia waliopanda humu hawakuulizwa kama mbao zinaumiza. Akasema, eish, Khatibu, hiyo ni historia ya huzuni. Nikamjibu ndiyo hiyohiyo tunayoipiga msasa.

Wazee hawa wana desturi yao: behewa halibadilishwi mpaka wanachama wote wakutane ndani yake, na wote wasimame. Akibaki mmoja amekaa, jambo limekufa. Siku ya mkutano huo nikavaa suruali yako, nikakaa benchi la dirishani. Mwenyekiti akasema wanaokubali wasimame. Wakasimama wote, hata Emérite, aliyesema baadaye kwamba alichoka na ubishi. Mimi nikabaki. Akaniomba kwa upole, akaniomba kwa ukali. Mmoja akanitania nimeota mizizi. Nikawaambia walete winchi kama wanayo, sisimami. Baba yangu alilazwa chini humu, mimi nakaa juu. Kisha Emérite akasema Papa Khatibu ana haki, akakaa. Akafuata wa pili, wa tatu. Mwisho Bwana Viljoen mwenyewe akakaa, akavua kofia. Benchi haziondoki, dada. Mtalii asiyetaka mbao aende kwa miguu.

Sasa la suruali. Benchi lile nililipaka vanishi mwenyewe asubuhi ileile, nikarudia mara tatu ili ling'ae kuliko la Emérite. Alinionya nisilikalie. Nikamwambia mimi sifundishwi vanishi. Wenzetu walipokwenda kunywa chai, ndiye aliyekuja na kisu cha kukwangulia rangi akaikata suruali iliyogandia benchi ili kunitoa, anacheka mpaka machozi. Nimerudi Mayfair nimejifunga aproni yake kwa nyuma.

Hilo tunalijua yeye na mimi. Lakini hili hata yeye halijui. Walipochangamka kusimama wote, nikajiona peke yangu, niliona haya, na kwa kitambo kidogo nami nilitaka kusimama. Suruali ndiyo iliyokataa.

Kipande chake bado kiko pale. Emérite amekipitishia vanishi juu, hakitoki tena.

Nisalimie wanao, na majirani wote wanaonidhania vizuri. Nishonee nyingine, tafadhali, kwa kitambaa kilekile kigumu.

Ndugu yako,
Khatibu