Usizivunje Tambi

Chumba cha Pazia,
Juu ya duka la vioo,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Hujambo huko uliko? Mgongo je, ule uliokuwa ukikuuma ukiinama karakanani? Na baridi bado inakung'ata masikio, au hatimaye umekubali kuvaa ile kofia niliyokushonea, uliyosema inakufanya ufanane na birika? Ivae. Birika halikohoi.

Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamlalamikia kwenye ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, asubuhi hii tu amenisema mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai. Mimi nipo na pazia zangu. Kuna hoteli imeagiza za vyumba vyote, rangi ya maziwa, kitambaa kinachoteleza kama samaki. Nakuandikia juu ya meza ya kukatia, kwa hiyo ukikuta uzi umenasa ndani ya bahasha, usishangae.

Haya, sasa tuje kwa Baba. Najua umeziruka salamu zote kwa macho ukimtafuta yeye.

Uliniuliza kama amekukasirikia kwa kuacha kazi ya rangi na kwenda mbali. Ulisema kila ukipiga simu Mama anakwambia Baba anaoga. Kweli, mwenzangu, ningekuwa wewe na mimi ningeshtuka. Hakuna binadamu anayeoga kiasi hicho. Lakini hajakukasirikia hata kidogo. Anaona haya.

Unajua ugonjwa ule ulimlegeza uso upande mmoja. Usichojua ni kwamba midomo ilikataa kukutana vizuri, na maneno mengine yakawa yanatoka upepo mtupu. Jina la mama yetu mwenyewe lilikuwa linamponyoka. Aliniambia, "Sitaki mwanangu anisikie nikiongea kama mlevi." Basi simu ikilia, yeye huyo, chumbani. Chakula vilevile. Supu ilikuwa ikimvujia pembeni mwa mdomo, akawa anabeba sahani yake, anaingia nayo ndani, anafunga mlango. Mama na mimi tunabaki mezani tukiangaliana, na kiti chake kiko palepale. Iliniuma, Msumari. Wee acha tu.

Kilichomvunja zaidi ni mluzi. Wewe na mimi tumelelewa kwa mluzi. Mwanamume yuko juu ya ngazi, mkono mmoja brashi, mwingine ndoo ya rangi, ataitaje mtu? Mluzi wangu ulikuwa mmoja mrefu unaoshuka mwishoni, kama mtu anayesikitika, na sijui kwa nini mimi nilipewa wa kusikitika. Wako ulikuwa mfupi, mfupi, halafu unapanda juu kama anauliza swali. Ukiusikia tu, unakimbia na brashi nyembamba huku unapiga kelele, "Naja, Baba!" hata kama ulikuwa umekaa chooni.

Sasa dada mmoja wa hospitali, wa mazoezi ya viungo, alituambia mshipa wa uso unaanza kuamka, ila midomo lazima itumike. Akamwambia Baba akunje midomo mbele ya kioo kila siku, kama anayepiga mluzi. Angechagua mfano mwingine wowote! Baba alijaribu mbele yetu. Ukatoka upepo. Akajaribu tena, upepo. Akakigeuza kioo kikatazama ukuta, akasema hiyo ni michezo ya watoto na yeye ana wajukuu wa kutosha kucheza. Hana hata mjukuu mmoja, lakini nani angembishia siku ile? Tangu hapo mazoezi yakaisha. Na yule dada alikuwa ameninong'oneza mlangoni kwamba midomo ikizoea kulala, kuiamsha baadaye ni kazi kubwa. Nikawa nazunguka na jambo hilo kifuani, nashona pazia pindo juu chini.

Ndipo ikaja barua yako ya tambi.

Uliandika kuhusu mkahawa wa yule Mchina kando ya karakana yenu, kwamba mchana mnakula tambi za baridi zenye rojo la ufuta, na kwamba mwenye mkahawa mwenyewe anakula amesimama, anazifyonza fyuuu hadi rojo linamrukia kwenye miwani, na hakuna anayemtazama vibaya. Mama nilipomsomea alisema, "Loo! Mtu mzima mzima!" Unamjua na sheria yake ya mezani, mdomo ufungwe, sauti isisikike, utadhani tunakula tukimkwepa mwenye nyumba. Lakini mimi nilikwama kwenye neno moja, kufyonza. Nikakunja midomo palepale nikavuta hewa. Kumbe ni mluzi uleule, tofauti ni kwamba huu unaingia badala ya kutoka!

Nikamwambia Mama, tunapika tambi hizi, na Baba asijue kwa nini.

Usicheke mwanzo wetu. Ufuta niliuchambua vizuri kutoa mchanga, nikauosha, nikaukausha, nikauweka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, kama ulivyoandika. Ukaanza kurukaruka na kunukia, nikajiona mpishi. Mara simu, yule wa hoteli, anauliza kama rangi ya maziwa niliyonunua ni maziwa mabichi au yaliyochemka. Nikaanza kubishana naye. Kurudi jikoni, ufuta umekuwa kama baruti. Mimi kwa ubishi nikausaga hivyohivyo. Mama akaonja kwa ncha ya kijiko, akafumba jicho moja, akaniuliza kama nina ugomvi wowote na baba yangu.

Tukakaanga mwingine. Huo ukatoka mzuri, rangi ya biskuti. Lakini nilipogeuka kutafuta siki, nikasikia nyuma yangu krak! Mama amezivunja tambi zote. Pakiti nzima ameigonga gotini ikakatika vipande, kama tunavyovunja siku zote ili zienee sufuriani. Nikapiga kelele kama niliyeona nyoka. Maskini Mama, alidhani nimeungua. Tambi fupi mtu anazichota kwa kijiko, anazimeza, hana haja ya kuvuta chochote! Tulikula kwa kijiko siku hiyo, Baba akala zake chumbani, na mimi nikanuna hadi usiku. Zilikuwa tamu, hilo nakiri. Ila hatukuwa tumetafuta utamu.

Jumapili iliyofuata nikamkalisha Mama mbali na pakiti. Tambi ndefu zikaingia sufuriani zikisimama kichwa nje, zikalainika zenyewe, zikazama. Nikazitoa zikiwa bado na ukaidi kidogo, nikazimwagia maji baridi, nikazipaka mafuta ya ufuta zisishikane. Upande wa pili nikachanganya rojo: ufuta uliosagwa, sosi ya soya, siki, sukari kidogo, kitunguu saumu, tangawizi, na pilipili ya kukaanga ya kuchokoza tu. Kisha nikatia maji kidogo ya tambi ili lilainike.

Likagoma! Msumari, hukutuambia hili. Badala ya kulainika lilijikaza, likawa donge, kama udongo wa kuzibia nyufa. Nikakoroga kwa nguvu, likazidi kukaza. Mama akasema limeharibika, tulimwage. Mimi niko karibu kulia, kijiko kinagonga bakuli kwa hasira, kaka kaka kaka, nyumba nzima inasikia.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

Baba akasimama pale na fulana yake yenye matone ya rangi za nyumba zote alizowahi kupaka. Ameshika mdomo kwa leso, kama kawaida yake siku hizi. Akatazama bakuli. Unajua jinsi asivyoweza kuvumilia kuona mtu anachanganya vibaya, hata saruji ya jirani. Akaja, akaninyang'anya kijiko. "Unakoroga kama unamchapa mtu," akasema. Akaweka leso mfukoni maana alihitaji mikono yote miwili, mmoja wa bakuli na mmoja wa kijiko. Akaniagiza maji ya moto, tone, tena tone, akikoroga upande mmoja tu, taratibu. Nikamwambia kwamba Mama anasema limeharibika. Akasema rangi ya unga nayo hukaza hivyo kabla ya kukubali, anayeogopa hapo katikati ndiye anayeimwaga. Na kweli, kidogo kidogo rojo likalegea, likang'aa, likawa linatiririka kwenye kijiko bila kukatika, kama rangi ya kupaka ukutani mara ya mwisho. Alilinyanyua juu akaliangalia likishuka. Nilikuwa sijamwona anatazama kitu hivyo tangu augue.

Basi aliyechanganya atakosaje kukaa kuonja? Akakaa. Kwenye kiti chake. Mama akaanza kuhangaika na matango aliyokuwa amekwisha kuyakata, ili tu asimtazame usoni.

Nikagawa. Sikuweka kijiko. Niliweka uma tu, na tambi ndefu kuliko pindo la pazia. Baba akazungusha, akapeleka mdomoni, na uzi mmoja ukabaki unaning'inia hadi kwenye sahani. Akajaribu kuukata kwa meno, ukateleza. Akatutazama. Mimi nikatazama sahani yangu kama inasomeka. Ikabidi avute. Mwanzo ukaingia upepo tu, rojo likamchirizika kidevuni upande ule mlegevu, na nikaona mkono wake unatafuta leso, na miguu inajiandaa kuondoka.

Ndipo nikasikia fyuuuuuu!

Alikuwa Mama. Mama huyuhuyu! Ameinamia sahani, amekunja midomo, anavuta uzi wa tambi kwa kelele za treni, rojo limemrukia hadi puani. Akameza, akajifuta, akasema kwa heshima zake zote, "Zimekolea." Halafu akavuta tena, kwa makusudi, kwa sauti zaidi.

Baba akacheka. Upande mmoja wa uso ulicheka, na ule mwingine ukajaribu. Akainama, akakunja midomo kadiri ilivyokubali, akavuta. Uzi ukaingia, taratibu, kwa kurukaruka, lakini ukaingia wote. Nami nikavuta wangu. Tulifyonza watu watatu wazima mpaka nikahisi wenye duka la vioo chini wataita mafundi wa bomba. Nilicheka hadi nikatoka machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Tangu siku hiyo tambi za ufuta ni zetu, kila wiki mara kadhaa. Rojo anachanganya yeye, hakuna anayeruhusiwa kugusa kijiko. Nilijiona mjanja sana, nimemtibu mtu bila yeye kujua. Mpaka juzi alipoweka sahani mbele yake, akaonja, akasema bila kuniangalia, "Mazoezi ya leo yana pilipili nyingi." Kumbe alijua tangu lini? Nilipomuuliza, akasema mtu na akili zake hawezi kupewa tambi ndefu na uma mara zote hizo bila kujiuliza kijiko kimekwenda wapi.

Sitakudanganya kwamba amepona kabisa. Jicho la upande ule bado linatoa machozi kwenye upepo, na akichoka maneno yanalegea. Lakini jina la Mama analitamka sasa, na anapenda kulitamka, analiita hata pasipo haja yoyote. Anakula nasi. Kioo amekigeuza, kinatazama chumba.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikae nikuandikie leo hii badala ya kushona.

Leo asubuhi alipanda ngazi kuupaka rangi ukuta wa jikoni, kwa sababu ya matone ya rojo, maana Mama akivuta hana mpaka. Mimi na Mama tulikuwa chumbani tunakunja pazia. Nikasikia mluzi. Mwembamba, umepasuka katikati, una upepo mwingi, lakini ni mluzi. Mfupi, mfupi, halafu ukapanda juu kama swali.

Wako, Msumari. Alitaka brashi nyembamba, mdomo ukamwita uliyemzoea.

Tulisimama na kitambaa mikononi. Nadhani na yeye kule juu alishtuka, maana hata ngazi ilinyamaza. Kisha Mama akaenda, akaichukua brashi, akampelekea. Nikamsikia akisema, "Uliyemwita yuko mbali. Chukua kwangu." Baba akajibu, "Najua aliko. Nilikuwa najaribu kama mluzi utamfikia."

Basi, mdogo wangu, ukishapata barua hii piga simu Jumapili mchana. Baba haogi. Atakuja kwenye simu yeye mwenyewe, tumekubaliana, na amenionya nisimsimamie. Maneno mengi hataki, bado anayaonea haya. Atapiga mluzi. Usimuulize habari za afya, usimwambie pole, na nakuomba usilie sikioni mwake, atadhani amekosea sauti. Wewe unajua unachojibu ukiitwa hivyo. Kijibu kwa nguvu, kama ulipokuwa mdogo, hata karakana nzima ikikushangaa.

Mama anakusalimu na anasema yule Mchina wa miwani asamehewe. Shangazi mfumaji anakusalimu, amepungua mwili na anataka umsifie. Fundi vioo wa chini anauliza lini utarudi kumlipia kile kioo ulichokivunja kwa mpira, nikamwambia akuandikie mwenyewe.

Mungu akulinde, akupe kazi njema na masikio yenye joto, na atukutanishe sote meza moja, wenye kelele.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapoitukana kofia yangu,

Mkasi